Kupiga Kinubi Harusini kwa Malipo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Simu ya Kwanza Hadi Hela Kuingia

Wapiga kinubi wengi wanaoanza kujitegemea hawaangushwi na vidole. Vidole vimeshafanya mazoezi ya miaka. Kinachowaangusha ni kinubi kilichoshushwa garini dakika ishirini kabla ya shughuli, kiti chenye mikono, bibi harusi kuingia wakati mpigaji anageuza karatasi, na mteja anayesema "tutamalizana tu". Ni makosa yale yale, msimu hadi msimu, na yote yanazuilika.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: harusi ya mchana nchini Uingereza, kinubi kikubwa cha pedali chenye nyuzi 47, ambacho noti zake hubadilishwa kwa miguu. Mwenye kinubi cha leva, yaani kile kidogo kinachobadilishwa noti kwa vijiti vya mkono, atafuata hatua zile zile, na pale anapotofautiana pametajwa. Aliye Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa abadilishe mambo ya viza, bima, sheria za ndoa na kodi tu. Mengine yote yanamhusu, na yale ya joto na unyevu yanamhusu zaidi.

Tunachukulia kwamba tayari unaweza kupiga muziki wa saa moja na nusu bila kurudia wimbo. Kama bado, tulia na mazoezi kwanza.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kupokea kazi

Vya kinubi
- Funguo za kutyuni (kuweka nyuzi kwenye sauti sahihi), mbili. Ukiwa na mmoja tu na ukabaki nyumbani, kazi imeisha.
- Tyuna ya kielektroniki yenye klipu ya kubana kwenye kinubi. Tyuna ya simu inasikia kila sauti ya ukumbini. Ya klipu inasikia mtetemo wa mbao peke yake.
- Nyuzi za akiba: mmoja wa kila noti kuanzia oktava ya 1 hadi ya 4, yaani 28, pamoja na zile mbili tatu nyembamba za juu kabisa.
- Mkasi mkali au koleo la kukatia, na vipande vya uzi mnene wa zamani vya sentimita moja na nusu hivi kwa ajili ya fundo.
- Kifuniko kinene cha safari na toroli la magurudumu mawili lenye mikanda.

Vya kukalia na kusomea
- Kiti chako mwenyewe kisicho na mikono, kinachopandishwa na kushushwa.
- Stendi nzito, klipu sita za kubana karatasi, taa ndogo ya betri.
- Kipande cha zulia cha mita moja kwa moja na nusu. Sakafu ya marumaru huteleza, na kinubi kikishaanza kuteleza ukiwa umekiegemeza begani huna mkono wa kukizuia.

Vya ofisi
- Mkataba wa ukurasa mmoja, ankara, cheti cha bima, na daftari la mapato na matumizi.

Kuhusu uzito: kinubi cha pedali kina kilo 36 hadi 41 na urefu unaokaribia mita 1.9. Cha leva chenye nyuzi 34 au 36 hakifiki nusu ya uzito huo. Tofauti hii ndiyo itakayoamua gari, bei, na kama unahitaji msaidizi.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kufanya kazi hii

Anza hapa kabla hujachapisha kadi za biashara. Uingereza, mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kufanya kazi ya burudani, hata kwa siku moja, hata harusi iwe ya binamu yake, kama analipwa. Soma masharti ya viza yako mwenyewe. Usitegemee aliyosema mwenzako ambaye viza yake ni nyingine.

Bima ni mbili na hazifanyi kazi moja. Ya kwanza ni ya kinubi, kwa thamani ya kununua kingine, na uangalie inasemaje kuhusu kinubi kilichoachwa garini bila mtu, maana sera nyingi hukataa kulipa hapo. Ya pili ni ya dhima kwa watu wengine: mgeni akijikwaa kwenye waya wako, hii ndiyo inayolipa. Uanachama wa Musicians' Union, chama cha wanamuziki cha Uingereza, unakuja na bima ya dhima ya hadi pauni milioni 10, na kumbi nyingi zitakuomba cheti hicho kabla hujafungua mlango.

## Hatua ya 2: Simu ya kwanza

Mteja atauliza bei kwanza. Usiitaje hadi upate majibu ya maswali haya:

1. Tarehe, na saa ya shughuli kuanza.
2. Anwani kamili, pamoja na namba ya posta.
3. Ni ibada tu, au pia vinywaji na chakula?
4. Ndani au nje?
5. Kuna ngazi ngapi kutoka gari linapoegeshwa hadi kinubi kitakapokaa? Lifti ipo?
6. Ndoa ya kanisani, ya kiserikali, au nikahi yenye tafrija baadaye?
7. Wageni wangapi?

Swali la saa lina mtego kwa watu wetu. Mama wa bibi harusi akisema "saa nane", anaweza kumaanisha saa nane mchana ya Kiswahili, na binti yake aliyezaliwa London akisema hivyo hivyo anaweza kumaanisha saa mbili usiku. Andika zote mbili kwenye ujumbe wa kuthibitisha: "saa nane mchana (2:00 PM)". Fanya hivyo hata unapodhani mmeelewana.

Swali la ngazi huonekana dogo hadi siku yenyewe. "Vingazi vichache tu" mara nyingi hugeuka kuwa ngazi ya mzunguko ya jengo la zamani. Omba picha au video fupi ya njia nzima, kuanzia maegesho. Kama kuna ngazi zaidi ya tano na kinubi ni cha pedali, weka msaidizi na gharama yake kwenye bei.

Ndoa ya kiserikali Uingereza ina sharti lake: shughuli haitakiwi kuwa ya kidini, kwa hiyo tenzi za kanisani hazipigwi. Orodha ya nyimbo humfikia msajili wa ndoa mapema aikubali. Kanisani mambo yamegeuka: kasisi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya muziki. Usimwahidi mteja wimbo wowote kabla mwenye mamlaka hajaukubali, kwa sababu ukikataliwa siku tatu kabla, lawama itakufikia wewe.

## Hatua ya 3: Bei na mkataba

Mteja anaona saa moja ya muziki. Wewe hesabu hivi: safari ya saa moja na nusu kwenda na kurudi ni saa tatu; kupakia na kupakua, saa moja; kupanga na kutyuni, saa moja na nusu; kusubiri na kupiga, saa moja na nusu. Jumla ni saa saba. Zidisha kwa kiwango chako cha saa, kisha ongeza mafuta, maegesho, na fungu dogo la nyuzi na fundi. Fungu hilo wengi hulisahau. Nyuzi za chuma za besi huchoka sauti zikiwa bado nzima, na kinubi cha pedali kinahitaji fundi wa kurekebisha mitambo karibu kila mwaka. Kama bei yako haimlipi fundi, utamlipa kwa hela ya kodi ya nyumba.

Usishushe bei kwa sababu "ni wa nyumbani". Kama unataka kumpa mtu zawadi, andika bei kamili kwenye ankara, kisha punguzo chini yake. Hapo zawadi inaonekana kuwa zawadi, na anayefuata hatakuja kudai bei ile ile kama haki yake.

Mkataba uwe mfupi na usomeke. Vipengele visivyokosekana ni hivi:

- Arubuni ya robo hadi nusu, isiyorudishwa. Tarehe haijashikwa hadi arubuni iingie.
- Salio siku 14 kabla ya harusi. Siku ya harusi hakuna anayekumbuka pochi iko wapi, na wewe hutamfuata bwana harusi kwenye meza ya keki.
- Kuchelewa: kiwango cha kila nusu saa ya ziada, na saa ambayo lazima uondoke. Kwa harusi zetu hiki ndicho kipengele kinachookoa urafiki. Shughuli ya saa nane ikianza saa kumi, hakuna mabishano; kuna hesabu.
- Mahali: sakafu iliyo sawa, kavu, nafasi ya mita mbili kwa mbili. Nje: kivuli cha kudumu, na joto lisiloshuka chini ya nyuzijoto 15.
- Mvua: uamuzi wa kuingia ndani unafanywa saa mbili kabla, na neno la mwisho kuhusu usalama wa kinubi ni lako.
- Mbadala: ukiugua, utatafuta mpigaji mwingine wa kiwango chako kwa bei ile ile. Hili linamaanisha uwe tayari una namba za wapigaji wawili watatu na mmekubaliana kusaidiana.
- Chakula kama utakuwepo zaidi ya saa nne.

Hatua imefanikiwa pale mkataba umesainiwa na arubuni imeingia. Kimoja bila kingine bado ni mazungumzo.

## Hatua ya 4: Panga nyimbo kufuata pedali

Hapa ndipo ufundi wa kinubi unapotofautiana na kinanda, na ndipo wapigaji wazuri wanapoumbuka.

Kinubi cha pedali kina pedali saba. Kushoto kuanzia nje kwenda ndani: D, C, B. Tafadhali soma vizuri: kwa mguu wa kushoto, pedali ya D ndiyo iliyo mbali na wewe zaidi na B ndiyo iliyo karibu na katikati. Kulia kutoka katikati kwenda nje: E, F, G, A. Kila pedali ina vituo vitatu: juu ni flati (noti imeshushwa nusu sauti), katikati ni nachuro (noti yenyewe), chini ni sharpi (imepandishwa nusu sauti). Ukisogeza moja, noti hiyo inabadilika katika oktava zote.

Chukua mfano. Wimbo wa kwanza uko kwenye D meja: F na C zipo sharpi, zilizobaki nachuro. Unaofuata uko kwenye F meja: B iwe flati, F na C zirudi nachuro. Ni pedali tatu. F ni ya mguu wa kulia, haina shida. Lakini C na B ni majirani wa mguu mmoja, na haziishii kituo kimoja pia, C inapanda hadi katikati na B inapanda hadi juu. Mguu wa kushoto lazima ufanye moja, kisha nyingine. Ukijaribu wakati noti bado zinalia, wageni watasikia mlio wa kukwaruza wa uzi ukigusa nusunusu diski, kile kisahani chenye meno mawili shingoni kinachobana uzi pedali ikisogezwa.

Kwa hiyo panga nyimbo ili kutoka moja kwenda nyingine pasihitajike zaidi ya pedali moja au mbili. D meja kwenda G meja ni moja tu: C irudi nachuro. Juu ya kila ukurasa chora mpangilio wa kuanzia, tatu kushoto, mstari, nne kulia, na uukague kwa macho kabla ya noti ya kwanza. Kila mara, hata wimbo uliopiga mara mia.

Angalizo: kwenye vinubi vingi vikubwa, C na D za chini kabisa hazina diski. Pedali haizigusi. Kama wimbo unahitaji C sharpi ya chini kabisa, utaityuni kwa ufunguo kabla ya kuanza, na utaikwepa kwenye wimbo unaofuata.

Mwenye kinubi cha leva hutyuni kwa E flati meja leva zote zikiwa chini, na kwa kupandisha leva anapata kii (ngazi za noti) nane za meja, kutoka E flati hadi E. Mkono wa kushoto ndio unaopandisha leva, kwa hiyo nyimbo zinazobadilika kii katikati azipangie mapumziko ya mkono huo au aziache.

Sasa kata kila wimbo katika vipande vya mizani (vipimo vya mapigo) nane, kila kipande kikiishia mahali unapoweza kumaliza kwa heshima. Andika herufi kubwa nyekundu pembeni mwa kila mwisho. Bibi harusi anaweza kutembea kwa sekunde 40 au dakika nne. Wewe ndiye utakayerefusha au kufupisha, na hutafanya hivyo vizuri bila milango hiyo ya kutokea.

## Hatua ya 5: Wiki mbili kabla, badilisha nyuzi zilizochoka

Usibadilishe uzi usiku wa kuamkia harusi. Uzi mpya wa utumbo wa mnyama huendelea kunyooka kwa wiki moja hadi mbili, na kila ukinyooka sauti inashuka. Wa nailoni nao hucheza kwa siku kadhaa.

Uzi wa kubadilisha utaujua kwa nyuzinyuzi zilizoanza kuchomoza pale diski inapobana, kwa rangi iliyofifia kwa utando mweupe, au kwa sauti isiyokubali kutulia hata ukiityuni mara tatu.

Unapoagiza, kumbuka oktava za kinubi huhesabiwa kutoka juu. G na F za juu kabisa ni oktava 0. Oktava ya 1 inaanza kwenye E iliyo chini yake. Aliyezoea kinanda huhesabu kutoka chini na kuletewa uzi usiofaa. C zote ni nyekundu, F zote nyeusi au buluu; anzia hapo kujipata.

Kuuweka:

1. Toa mabaki yote ya uzi wa zamani, juu na chini. Kipande kilichobaki ndani ya mwili kitalia kama nyuki.
2. Ingiza uzi mpya kutoka ndani ya mwili, kupitia tundu la ubao wa sauti, uvute juu.
3. Chini funga fundo. Kwa uzi mwembamba, pitisha kipande cha uzi mnene ndani ya fundo. Bila hicho, fundo litapenya tundu na uzi utachomoka kwa kishindo.
4. Pitisha katikati ya meno ya diski zote mbili, kisha kwenye tundu la kigingi.
5. Acha ulegevu wa sentimita chache ili ukikaza ufike kwenye noti kwa mizunguko mitatu hivi. Mizunguko mingi mno inapandana; michache mno inateleza.
6. Unapokaza, sukuma kigingi ndani kidogo huku ukizungusha. Vigingi vimechongwa kwa mwinuko, na kusukuma ndiko kunakovifanya vishike.
7. Siku mbili za kwanza, kityuni kila unapopita karibu nacho. Mkia wa juu uukate ubaki sentimita moja au mbili. Mrefu utagonga uzi wa jirani.

Utajua uzi umetulia ukiamka asubuhi na kuukuta umeshuka kidogo sana ukilinganisha na jirani zake.

## Hatua ya 6: Safari

Weka pedali zote juu, kwenye flati, kisha vaa kifuniko. Garini kinubi hulala juu ya blanketi nene au godoro dogo, na uzito wake ubebwe na mwili na nguzo. Shingo, pale palipo vigingi na diski, isibebe uzito wala isiguse chochote. Weka mito pembeni ili kisitembee kwenye kona. Usiweke kitu juu yake, hata koti.

Kunyanyua ni kazi ya watu wawili: mmoja kwenye nguzo, mwingine kwenye matundu ya mgongo. Usishike nyuzi kamwe.

Gari lililofungwa juani ni adui mkubwa kuliko mvua. Gundi inalainika, ubao wa sauti unajikunja, na nyuzi zinaendelea kuvuta kwa nguvu ya mamia ya kilo. Mombasa au Dar, dakika kumi za kununua maji zinatosha kuharibu. Aende mwenzako, wewe baki na gari likiwa na kiyoyozi. Nyumbani, unyevu wa hewa unaofaa ni asilimia 40 hadi 50. Pwani huzidi hapo sana, kwa hiyo chumba cha kinubi kiwe na kifaa cha kupunguza unyevu kinachofanya kazi kila siku. Kuwasha na kuzima ndiko kunakokata nyuzi, maana mbao na utumbo huteseka zaidi kwa mabadiliko kuliko kwa hali yenyewe.

## Hatua ya 7: Fika mapema, tyuni mara mbili

Kama mngesoma hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Kinubi kilichotoka garini kina joto la gari. Ukumbi una joto lake, na watu 150 wakiingia joto linapanda tena. Kila badiliko linahamisha nyuzi, na zile za chuma za chini hazihami kwa kiasi kimoja na zile za utumbo za katikati. Ndiyo maana kinubi kilichotyuniwa vizuri saa sita mchana kinaweza kusikika kibaya saa nane, na mpigaji akajilaumu bure.

Kwa shughuli ya saa nane mchana, ratiba iwe hivi:

- Saa sita kamili: umefika. Tazama njia kwanza bila kinubi.
- Saa sita na dakika 20: kinubi kiko mahali pake, kifuniko kimetolewa. Kiache kipumue.
- Saa sita na dakika 40: kutyuni kwa kwanza.
- Saa saba na dakika 10: kutyuni kwa pili.
- Saa saba na nusu: wageni wanaingia, unaanza kupiga.

Kuhusu mahali: kaa pale unapouona mlango bila kugeuza shingo zaidi ya robo. Epuka tundu la kiyoyozi, hita, dirisha lenye jua. Nje, epuka kivuli cha mti mmoja. Jua linatembea, na saa nane kivuli hakitakuwa pale kilipokuwa saa sita.

Kutyuni kwenyewe: pedali zote juu, kwenye flati. Sasa soma tyuna kwa uangalifu, kwa sababu haijui kwamba unashika C flati. Uzi wa C utaonekana B. Uzi wa F utaonekana E. D itaonekana C sharpi au D flati, kutegemea tyuna. Kuna wanaokaza uzi wa C hadi tyuna iandike "C", na wakishusha pedali kila kitu kinakuwa juu kwa nusu sauti, au uzi unakatika. Andika jedwali hili kwenye karatasi ndogo uibandike kwenye tyuna yako: C ni B, D ni C sharpi, E ni D sharpi, F ni E, G ni F sharpi, A ni G sharpi, B ni A sharpi.

Anza oktava za katikati, nenda juu, malizia na chini. Kisha weka pedali nachuro na upige oktava kwa oktava ukisikiliza kwa sikio. Noti iliyo safi kwenye flati na chafu kwenye nachuro ina tatizo la diski, ambalo ufunguo hauwezi kulimaliza. Mpelekee fundi, na leo uikwepe kadiri unavyoweza.

Kipimo cha kawaida ni A ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Ukipiga pamoja na ogani, sahau tyuna: mwombe mpiga ogani akupe A yake siku hiyo hiyo, maana mabomba ya ogani hupanda na kushuka na joto la kanisa, na ogani haitakufuata wewe.

Kutyuni kwa pili kutachukua dakika kumi tu kama kwa kwanza kulifanywa vizuri. Kukichukua dakika 20 tena, kinubi bado hakijatulia na utahitaji kwa tatu.

Spika ndogo ya betri inahitajika kwa wageni zaidi ya 80 ndani, na karibu kwa hadhira yoyote nje. Maikrofoni ndogo iwekwe kwenye tundu la pili au la tatu la mgongo wa kinubi, imezungushiwa sponji. Ikianza kupiga mluzi, sogeza spika mbele yako kabla ya kupunguza sauti.

## Hatua ya 8: Shughuli yenyewe

Usilowanishe mikono dakika 30 kabla. Ngozi iliyolowa inalainika na kupata malengelenge haraka.

Tafuta mtu mmoja wa ishara. Mmoja tu: mpokea wageni au mshereheshaji. Mkubaliane ishara mbili, mkono juu maana yake "bibi harusi yuko mlangoni", mkono chini maana yake "ameanza kutembea". Msitumie simu.

Ukiona mkono juu, maliza kipande ulichopo kwenye herufi nyekundu iliyo karibu, nyamaza kwa pumzi mbili, panga pedali za wimbo wa kuingia. Ukimya huo ndio unaowafanya watu wasimame.

Kwenye harusi zetu vigelegele vitakuja mara tu mlango ukifunguka, na vitaifunika mizani minne ya kwanza yote. Usishindane navyo kwa kupiga kwa nguvu. Kinubi kikilazimishwa kinatoa sauti ya kugongana. Rudia sentensi ya kwanza kwa mkono wa kushoto, oktava za chini, hadi vigelegele vitulie, halafu ndipo uingize wimbo wenyewe juu. Bibi harusi atakuwa amefika katikati, na wimbo wake utasikika wote.

Wakati wa kusaini, andaa nyimbo tatu. England na Wales husainiwa hati moja ya ndoa, baada ya mfumo wa vitabu kubadilishwa Mei 2021, lakini kupiga picha za kusaini bado kunachukua dakika tano hadi kumi, na mpigaji mwenye wimbo mmoja hubaki akiurudia hadi kila mtu aone.

## Hatua ya 9: Uzi ukikatika

Utakatika siku moja, na mara nyingi wakati hakuna aliyeugusa.

Ukiwa na dakika 40 au zaidi, weka mpya, uvute kwa vidole taratibu ili unyooke, utyuni kila baada ya dakika tano, na uutumie kidogo.

Ukiwa na chini ya hapo, usiweke. Toa mabaki yote yasilie, na upange kupita bila huo. Mara nyingine noti inapatikana kwa uzi wa jirani: F inaweza kupigwa kwenye uzi wa E uliowekwa sharpi, kwa muda mfupi, ukikumbuka kwamba kwa muda huo huna E yoyote. Lakini D, G na A nachuro hazina jirani wa kuziazima. Zikikatika hizo, panda au shuka oktava.

Wageni hawatagundua noti iliyohamishwa oktava. Watagundua uzi mpya unaoshuka sauti kwenye kila mzani.

## Hatua ya 10: Kufunga na hesabu

Kinubi kiingie garini mwisho, baada ya kiti na stendi kupakiwa, ili kisisubiri garini bila mtu. Ukifika nyumbani usiku wa baridi, kiache ndani ya kifuniko nusu saa kabla ya kukifungua. Ukikifungua upesi, hewa ya joto ya chumba itaacha umande kwenye nyuzi za chuma na mitambo ya shingo, na kutu huanzia hapo.

Usiku huo huo andika kilomita, maegesho, nyuzi zilizotumika, saa uliyomaliza. Kama kulikuwa na muda wa ziada, ankara yake iende kesho asubuhi, mkataba ukiambatishwa na kipengele kimepigiwa mstari.

Mapato ya kujitegemea yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi wa Uingereza, unaoishia Aprili 5, unajisajili kabla ya Oktoba 5 inayofuata na kuwasilisha hesabu kwa mtandao kabla ya Januari 31. Risiti zitunze miaka mitano baada ya Januari hiyo. Za nyuzi pia, hata ile ya uzi mmoja.